Muulize Anti: Nyumba salama, huko ndani kukoje?

Wapendwa wangu, toleo hili nimeziweka pembeni barua za mawifi na za madeni, nitazirudia toleo lijalo msininunie. Zimeingia barua nyingi mno kuhusu zile nyumba za kuhifadhi wamama na watoto waliokimbia kipigo, wengine mnaziita nyumba salama wengine shelta, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti. Kabla sijaanza kuandika ukurasa huu nilikuwa mlezi wa zamu ya usiku kwenye nyumba moja kama hiyo, kwahiyo leo najibu kwa niliyoyaona na niliyofundishwa. Barua nimezifupisha kidogo na chochote cha kumtambulisha mtu nimekitoa.

Shikamoo anti. Nina watoto wawili, wa miaka tisa na wa miaka mitatu. Mume wangu ananipiga, sio kila siku, lakini mara ya mwisho alinikaba shingo mpaka nikaona giza, mkubwa akiwa anaangalia. Nesi aliyenihudumia akaniambia kuna nyumba salama wanapokea mama na watoto, akanitajia namba nikaikariri kichwani. Sasa naogopa. Nasikia huko mnafungiwa kama jela, simu mnanyang'anywa, watoto hawasomi, na nikishaenda si ndo nimevunja ndoa yangu kwa mkono wangu? Nieleze kukoje kabla sijaamua. – Mama wa Wawili

Marahaba mwanangu. Nitafika kwenye maswali yako yote ila tuanze na hiyo shingo, maana umeipitia harakaharaka kana kwamba ni jambo dogo, na ndo iliyofanya barua yako niiweke juu ya zote. Mwanaume anayekaba shingo ni wa kuogopwa kuliko hata yule wa makofi ya kila wiki. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2008, ulionyesha kwamba mwanamke anayepigwa akiwa amewahi kukabwa shingo na mwenzi wake, uwezekano wa kuja kuuawa na mtu huyo huyo unapanda zaidi ya mara 7 kuliko anayepigwa bila kukabwa. Na shingo inadanganya, nje unaweza usiwe na alama hata moja kumbe ndani mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo umechanika, mtu anakuja kupata kiharusi siku kadhaa baadaye. Kama sauti imekwaruza, kumeza kunauma, kichwa hakiachi kuuma au una vidoa vyekundu machoni, rudi hospitali na useme kwa mdomo wako "nilikabwa", usiseme niliteleza. Na kama kulikuwa na kulazimishwa tendo sema pia, tena siku hiyo hiyo, kwasababu dawa za kukinga virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na zile za kuzuia mimba ndani ya siku 5, na zote kadiri unavowahi ndo zinavosaidia.

Haya, sasa huko ndani. Usitegemee kukuta geti lenye kibao. Nyumba nyingi hazina maandishi yoyote nje, na mara nyingi wanakutana na wewe sehemu nyingine kwanza, hospitali au kituo cha polisi, ndo mnaongozana. Ukifika mtu atakukalisha, atauliza mmekula, mmeumia wapi, watoto wanatumia dawa gani, alafu yanakuja maswali ya usalama: ana silaha? anapajua kazini kwako? ana ndugu au rafiki kwenye vyombo vya dola? Mengine yatakukera, utahisi unahojiwa kama mkosaji, lakini wanapima wakuweke umbali gani na yeye. Usiku wa kwanza hakuna wa kukulazimisha usimulie maisha yako yote. Ukitaka kulala lala. Nimeona wamama wanalala mchana na usiku, wanaamka kula tu, watoto tumewashika sisi, maana ni mara ya kwanza baada ya miaka mtu anafumba macho bila kusikilizia mlango.

Chumba mara nyingi mnapewa cha familia yenu, pakijaa mnaweza kuwa na mama mwingine na wanawe. Jiko ni la wote na bafu ni la wote na hapo ndo patakuchosha, sitakudanganya. Ugomvi mkubwa kuliko yote niliyowahi kuamulia usiku ulikuwa wa sabuni ya kufulia, mama mmoja alikuwa amechonga herufi za jina lake kwenye kipande kwa ncha ya pini, kesho yake akakuta herufi zimeisha, mtu kafulia. Alilia mpaka tukaogopa. Mtu ameacha nyumba nzima nyuma, kitu pekee anachoweza kusema "hiki changu" ni hicho kipande, we ukikichukua unadhani umechukua sabuni. Kwahiyo jiandae, utakaa na watu walioumia kama wewe na kila mtu ana namna yake ya kuumwa.

Kuna sheria. Anwani humtajii mtu, hata mama yako mzazi. Wageni hakuna. Ukitoka unaaga na unarudi kwa saa mliyokubaliana. Usafi kwa zamu. Mtoto hapigwi humo ndani, hata na mama yake, na hii inawashinda wengi wiki za mwanzo. Zikikukera kumbuka kitu kimoja, karibu sheria zote hizo zinatoka kwenye mzizi mmoja: kipindi cha hatari zaidi ni pale mwanaume anapogundua umeondoka, na wiki na miezi inayofuata. Watu wanadhani ukishavuka mlango yamekwisha. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana kama 51,100 duniani waliuawa na wenzi wao au ndugu zao, yani wastani wa 140 kwa siku. Ndo maana nyumba haina kibao mwanangu, na ndo maana mlezi anakuuliza umempigia nani.

Simu, nyumba nyingi hazinyang'anyi ila wanaikagua mkiwa wote. Wanazima lokesheni, wanakutoa kwenye akaunti mnazochangia na mumeo, wanabadilisha paswedi, wanaangalia kama kuna programu ya kukufuatilia. Na sio simu tu, vile vifaa vidogo vya kufuatilia vitu vimewahi kukutwa hata ndani ya midoli na mabegi ya watoto. Lakini wakati bado uko nyumbani USIZIME chochote ghafla, akiona lokesheni imekatika atajua kuna jambo. Tafuta habari na upige ile namba kwa simu ya mtu unayemwamini, mambo ya kuzima yasubiri siku ya kuondoka.

Watoto sasa. Huyo wa miaka tisa ataelewa kuliko unavofikiri na huyo mdogo ataonyesha kwa mwili. Kukojoa kitandani kunarudi, wengine wanang'ang'ania nguo ya mama mpaka chooni, wengine wanakuwa wakali, wanapiga wenzao kwa maneno yale yale waliyoyasikia nyumbani, na hapo mama moyo unampasuka. Tulikuwa na kijana mdogo alikuwa halali mpaka avae viatu, kamba zimefungwa kabisa, juu ya shuka. Hatukumvua. Tulimwambia sawa, lala navyo, na kila usiku mlezi alipita kumwonyesha kwamba mlango umefungwa, kitasa kile, ujionee mwenyewe. Baadaye akawa anaviweka chini karibu na kitanda, baadaye kabisa akawa anavisahau nje huko uani kama mtoto mwingine yeyote. Usimsukume mtoto apone haraka ili wewe upate amani. Na atamlilia baba yake, mwache amlilie, kumpenda baba hakumaanishi amekusaliti wewe.

Shule, wahudumu wanasaidia kumhamisha au anaendelea pale pale kama ni salama, mradi shule ipewe kwa maandishi majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto na kama kuna amri ya mahakama ya kumkataza baba asiwasogelee wapewe nakala. Kukaa kwenyewe ni kwa muda, kwingine wiki chache kwingine miezi kadhaa, na sehemu nyingi hulipi. Humo ndani kuna kaunsela, kuna wa kukuelekeza mambo ya sheria, kuna wa kukusaidia kutafuta pa kuishi baadaye.

Kujiandaa: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho, kadi za kliniki, cheti cha ndoa, makaratasi ya hospitali ya siku ulizoumizwa, dawa, fedha kidogo kidogo, funguo za akiba, na kitu kimoja ambacho mdogo wako halali bila nacho. Usiviweke kwenye begi mlangoni kama wa kwenye sinema, weka kwa mtu wako au kazini. Vyenyewe vikishindikana kuvitoa piga picha, picha mtumie mtu huyo, kisha ufute kwako. Na ikifika siku hali imechafuka, ondoka bila hata karatasi moja. Karatasi zinarudishwa.

Na hiyo ya kuvunja ndoa. Kwenda nyumba salama hakuandiki talaka popote. Unakwenda kupumua na kuamua ukiwa huogopi. Ila ndoa yako mwanangu, aliyeivunja kwa mkono wake ni yule aliyeuweka shingoni mwako.

Anti, mimi tayari niko ndani, na watoto. Mwanzo nilishukuru ila sasa nachoka. Nauliza ruhusa kutoka, nauliza ruhusa kupika, ni kama nimetoka kwa mtawala mmoja nimeingia kwa mwingine. Mume wangu ananitumia meseji kwa laini ya rafiki yangu, anasema ameacha pombe, ameokoka, anataka tuonane nusu saa tu. Nikikwambia ukweli nimemmiss. Mimi ni mjinga? – Niko Ndani

Hapana mdogo wangu, hujawa mjinga hata kidogo. Umemmiss mtu uliyezaa naye, ungeshangaza kama usingemmiss. Wanaopigwa hawapigwi saa ishirini na nne, kuna zile siku alikuwa mtu mzuri, na ndizo zinazokuita saivi.

Lakini niambie, hiyo laini ya rafiki yako aliipataje? Hilo swali lipeleke kwa mlezi wako leo, kabla ya jambo lingine lolote, kwasababu kama rafiki anapitisha meseji anaweza pia kupitisha ulipo. Anayebadilika kweli haombi nusu saa ya siri. Anakwenda kwenye mafunzo ya wanaume wenye ukatili ambako watu wengine wanamwona, anaheshimu amri ya mahakama, anakaa na hilo "bado sitaki kuonana" mwezi, miezi, bila kutishia na bila kutumia watoto. Pombe nayo tusiipe kesi yote. Inaongeza ukali ndio, ila akiwa amelewa huwa anampiga bosi wake? Anajua nani wa kumpiga.

Na sheria za nyumba, hapo nakubaliana na wewe nusu. Tofauti ya sheria ya humo na ya mumeo ni kwamba ya humo unaweza kuuliza kwanini na ukapewa sababu, na hupigwi kwa kuuliza. Sasa uliza. Nyumba nzuri ina mkutano wa wakaaji, ina mahali pa kupeleka malalamiko. Mama mtu mzima kuomba ruhusa ya kupika mimi sioni inamlinda nani, na nyumba inayomzuia mwanamke kutoka kabisa, wiki baada ya wiki, bila kumweleza tishio ni lipi, inatakiwa isemwe. Nililisema hilo nilipokuwa kazini na nalisema hapa. Ila ya anwani usiibishie, hiyo haikulindi peke yako, chumba cha pili kuna mwenzako ana wa kwake anayemtafuta.

Ukiamua kurudi, ni maisha yako. Wengi wanaondoka na kurudi zaidi ya mara moja kabla hawajaondoka jumla na wahudumu wanalijua hilo. Usitoroke usiku. Waambie, mkae mpange neno la siri la kumpigia mtu wako, mahali pa kuweka nakala za makaratasi, chumba gani usikimbilie akianza (jikoni kuna visu, bafuni hakuna pa kutokea). Hawatakufungia mlango ukija tena.

Anti shikamoo. Mdogo wangu yuko shelta, mimi wala sijui ni wapi. Shemeji amekuja mara kadhaa, mara ya mwisho na wazee wa ukoo wake, wanasema namficha mke wa mtu na niseme tukae kikao. Nifanyeje? – Dada Mtu

Marahaba. Kutojua kwako ndo ngao yenu wote wawili, kwahiyo usianze kutafuta kujua. Jibu liwe fupi na liwe lile lile kila siku: "Sijui alipo, akitaka kuongea ataongea." Usijitetee, usieleze yuko salama, usiseme "alinipigia jana", kila neno linampa pa kuanzia. Kikao cha ukoo anayepigwa akakaa mbele ya anayempiga, wazee wakiuliza "na wewe ulimfanya nini", sijawahi kuona kinatoa haki. Wazee wakitaka kusaidia kweli wamkanye kijana wao wenyewe. Andika tarehe na saa kila anapokuja, meseji za vitisho usifute, na akikutisha wewe toa taarifa polisi kwa jina lako, usingoje mdogo wako atoke.

Mtoto wangu wa kiume ana miaka 15. Nimepiga simu nyumba salama wakasema mimi na wasichana karibu, yeye hapana. Siwezi kumwacha kijana wangu. – Mama Kijana

Hili linauma na sitalipamba. Zipo nyumba zinaweka kikomo cha umri kwa watoto wa kiume, sababu wanayotoa ni vyumba na bafu za pamoja na wanawake wanaoshtuka wakikutana na sauti nzito kwenye korido. Naielewa sababu, ila kijana wa miaka 15 naye ni mtoto, naye amepigwa, mara nyingi akiwa amejiweka katikati kumkinga mama yake. Sikuwahi kuridhika na sheria hiyo.

Usimwache kwa baba yake. Ukishaondoka hasira zitatua kwa aliyebaki. Piga tena uulize wazi wazi: mna nyumba nyingine yenye vyumba vya familia vinavyojitegemea? mnaweza kutulipia sehemu ya muda? nani mwingine anapokea vijana? Kila nyumba ina kikomo chake, nyingine hazina kabisa, kwahiyo hapana ya mmoja isikuishie hapo. Ikishindikana kabisa akae kwa ndugu ambaye baba hana mazoea ya kwenda, awe na namba ya kukupata kupitia kwa mhudumu, na yeye mwenyewe aambiwe kwanini, uso kwa uso. Asije akadhani ameachwa kwasababu anafanana na baba yake. Vijana wanawaza hivo, wameniambia wenyewe.

Wewe mama na wenzako mmeleta hizi nyumba juzi juzi kuvunja familia za watu. Mke wangu kachukua wanangu nao mnawaficha. Mimi sina haki? – Baba Aliyenyang'anywa

Baba, barua yako nimeisoma yote na nimeitoa hapa kwa heshima. Nyumba hizi sio za juzi. Mwaka 1971 Erin Pizzey alifungua nyumba pale Chiswick, London, iwe ya wanawake kukutana na kuzungumza tu, wakaanza kuingia wenye majeraha na watoto mkononi wasio na pa kulala. Machi 1974 huko Sydney wanawake wakaingia kwenye nyumba mbili zilizoachwa tupu wakazifanya kimbilio, wakaliita Elsie, na mwaka huo huo yakafunguliwa mengine Amsterdam na St. Paul kule Marekani. Nchi tofauti, hata simu za kuambiana hazikuwa rahisi. Mahitaji yalikuwepo tayari ndani ya nyumba za watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa na mwenzi au kufanyiwa ukatili wa kingono katika maisha yake.

Haki unayo na mahali pake ni mahakamani. Kawasilishe maombi ya kuwaona watoto, hakimu anaweza kupanga uwaone kukiwa na msimamizi. Kuzunguka shuleni na kwa ndugu kunakuharibia kesi hiyo hiyo unayoitaka. Na kwenye barua yako ndefu kuna sentensi moja umeandika "nilimsukuma tu". Ianzie hapo unapoongea na kaunsela, mwambie na yaliyofuata baada ya kumsukuma.

Anti tumetoka shelta, tumepata chumba chetu. Nilidhani nitafurahi, badala yake usiku silali, kila gari likisimama nje najua ni yeye. Watoto wanauliza lini tutarudi kule kwa wenzao. – Chumba Kipya

Ni kawaida mama, na wengi hawaambiwi mapema. Kule mlikuwa wengi, kulikuwa na mlezi macho usiku kucha, sasa mlezi ni wewe. Watoto nao wamepoteza marafiki kwa mara ya pili ndani ya muda mfupi.

Badilisha kitasa kama hujabadilisha, hata kama mwenye nyumba anasema kile kipya. Mtafute jirani mmoja tu, sio mtaa mzima, mpatane ishara, mfano taa fulani ikiwaka na kuzima au meseji yenye neno mlilokubaliana basi yeye anawapigia polisi simu bila kuja kuuliza. Nakala ya amri ya mahakama iwe kwenye mkoba wako, shuleni na kazini. Badilisha njia na saa za kwenda na kurudi. Wakati wa kulala wafanyie watoto mambo yale yale kwa mpangilio ule ule kila siku, ndo kinachowatuliza. Alafu mpigie mlezi wako wa kule umwambie hulali. Nyumba nyingi zinaendelea na kaunseling kwa walioshatoka na nyingine zina siku za wamama waliotoka kukutana, watoto wakacheza na hao wenzao wanaowaulizia. Mpigie kesho asubuhi, uulize siku hiyo ni lini.